Nina elfu saba: tochi ya UV, refraktomita au kalamu za ugumu? Nataka kuyajua mawe yangu

Kokoto_Kasarani
Wadau, habari za jioni. Nakusanya mawe tangu zamani na sasa yamejaa katoni mbili chini ya kitanda. Nimechoka kubahatisha, nataka kujua nilicho nacho. Nimetenga shilingi elfu saba na nimebakiza mambo matatu: tochi ya UV (mwanga usioonekana unaofanya baadhi ya mawe yawake), refraktomita inayouzwa mtandaoni (kifaa cha kupimia jinsi jiwe linavyopinda mwanga), au seti ya kalamu za kupimia ugumu. Muuzaji anataka nilipe kufikia Ijumaa. Ninunue ipi? Kuna jiwe moja la kijani linaninyima usingizi, naomba Mungu liwe tsavoraiti, ile ganeti ya kijani.

Fundi_Ngara
Ndugu, bado hujatuambia kitu. Mawe ni ghafi au yamekatwa? Umeyatoa wapi? Hilo la kijani lina ukubwa gani? Kijani kinaweza kuwa ganeti, tomalini, zumaridi, floraiti, kwatzi, au kipande cha chupa kilichosuguliwa na mto. Taja kwanza lilikotoka ndipo tuzungumze vifaa.

Nyota_Ruaka
Tochi ya UV, wala usizunguke sana. Funga mapazia, zima taa, pitisha tochi juu ya katoni zote mbili na utashangaa. Kipande changu cha floraiti kinatoa mwanga wa buluu mzito mpaka watoto wanaitana kuja kuona. Ila chukua ya nanomita 365, huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake. Hizo za kukagulia noti zinazouzwa mjini nyingi ni za 395, zinamwaga zambarau yake yenyewe hadi huoni jiwe linafanya nini. Na usimulike macho ya mtu.

Fundi_Ngara
Dada Nyota, tochi ni nzuri lakini haitaji jina la jiwe. Kalsaiti moja itawaka, ya pili kutoka shimo lilelile itanyamaza. Yakuti nyekundu (rubi) nyingi huwaka wekundu, lakini ikiwa na chuma kingi ndani mwanga unafifia. Na tsavoraiti anayoitafuta kwa kawaida haiwaki. Sasa isipowaka atakuwa amejua nini?

Mama_Waridi
Mwanangu Kokoto, kabla hujatuma hata shilingi kwa muuzaji wa refraktomita, nisikilize.

Mimi nilinunua moja mtandaoni. Picha zilikuwa safi, maelezo yanasema iko tayari kwa matumizi. Ilipofika nikafungua sanduku kwa hamu, nikakuta kile kioo kidogo cha juu, pale jiwe linapokaa, kina mikwaruzo kama kimesuguliwa na mchanga. Chupa ya kimiminika haikuwemo. Bila tone la kile kimiminika kati ya jiwe na kioo, mwanga haupiti inavyotakiwa na kipimo hakisomeki. Nikamwandikia muuzaji. Kwanza akasema chupa itakuja peke yake. Halafu akasema chupa haimo kwenye bei. Mwishowe akaacha kunijibu. Nikazunguka mjini kutafuta hicho kimiminika, kila duka la maabara wananitazama kama naulizia dawa ya uchawi. Mpwa wangu aliyeko Mombasa ndiye aliyenipatia kidogo kwa mtu anayekata vito.

Nikapata sasa, nikaweka jiwe langu. Hakuna kitu, giza tupu. Kwa nini? Jiwe lilikuwa ghafi. Refraktomita inataka uso bapa uliong'arishwa. Hilo muuzaji hakuliandika popote, na nilikuwa nimemwambia wazi kwamba nakusanya mawe ya kuokota! Mpaka leo najisikia vibaya kwa jinsi alivyonichukulia pesa huku anajua.

Kwa hiyo swali la Fundi kama ni ghafi au yamekatwa, lijibu. Hilo ndilo litaamua kama refraktomita ina kazi kwako.

Kijana_wa_Chiromo
Mama Waridi kasema kweli. Kwa vito vilivyokatwa hakuna kifaa kinachoishinda refraktomita: zumaridi inasoma karibu 1.58, tomalini 1.62 hadi 1.64, tsavoraiti karibu 1.74. Zinaachana mbali, huwezi kuzichanganya. Kwa jiwe ghafi ni pambo la kabati.

Kokoto_Kasarani
Samahani kwa kuchelewa. Yote ni ghafi. La kijani alinipa binamu yangu wa Mwatate kule Taita, ni kama ncha ya kidole gumba, lilikuwa na udongo mweusi uliopaka vidole. Mengine ni ya huku na kule: vioo vyeusi vya Naivasha, meupe ya barabara ya Magadi, na moja jeusi zito sana nililipata kando ya reli. Kwa simu nilitumia programu ya kutambua mawe, ikaniambia la kijani ni jedi, nikapiga picha tena ikasema ni zumaridi.

Fundi_Ngara
Mwatate! Hilo ungeanza nalo. Na udongo unaopaka vidole ni habari nzuri, huenda ni grafiti, ile nyeusi ya kwenye penseli, na tsavoraiti za Taita hupatikana kwenye miamba yenye grafiti, mara nyingi ndani ya mafundo yaliyojiviringa kama viazi. Lakini usishangilie bado, tomalini ya kijani nayo hutoka Taita hukohuko. Hiyo programu iache. Picha haijui uzito wala ugumu.

Mzee_Kajiado
Hayo meupe ya Magadi angalia. Kuna jamaa alinipigia simu kwamba amepata marumaru, ameyamwagia siki yakatoa povu. Nikamwambia ayaoshe. Yaliisha kwenye beseni. Ni magadi yenyewe, nayo hutoa povu kwenye asidi sawa na kalsaiti. Maji kwanza, siki baadaye.

Nyota_Ruaka
Barabara ya Magadi ni raha. Sisi tulisimama Olorgesailie, mawe yamechongwa vizuri ajabu, yamelala tu chini. Nilitamani kubeba moja.

Mzee_Kajiado
Usibebe hata kipande, dada. Zile ni zana za watu wa kale na pale ni eneo la Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda vitu vya namna hiyo. Halafu jiwe lile likihamishwa kutoka lilipolala, wanaochimbua wamepoteza nusu ya habari yake. Linauma sana kuona watu wakiyaweka mezani nyumbani.

Kijana_wa_Chiromo
Tukiwa kwenye sheria, Kokoto, likigeuka kuwa tsavoraiti kweli usikimbilie kulitangaza mtandaoni. Katiba, ibara ya 62, inayaweka madini kwenye ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inataka kibali kwa anayefanya biashara yake. Uliza ofisi za madini za serikali, Madini House, barabara ya Machakos.

Fundi_Ngara
Hajasema anauza. Turudi kwenye vifaa.

Mwalimu_Kinoo
Nimesoma yote, na sijaona mtu aliyetaja mizani. Nunua mizani ndogo ya vito inayosoma sehemu za gramu na kioo cha kukuza cha mara 10. Pesa zitabaki.

Pima jiwe kavu, andika. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, lining'inize ndani ya maji bila kugusa chini wala ukingo, litikise kidogo viputo vitoke. Mizani itapanda. Gawanya uzito mkavu kwa kiasi kilichopanda; jibu linaonyesha jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ukubwa uleule. Jiwe la gramu 26.5 likipandisha 10, jibu ni 2.65, hiyo ni kwatzi. Tsavoraiti ya uzito huohuo ingepandisha kama 7.4 tu, maana jibu lake ni karibu 3.6.

Kalamu za ugumu si mbaya, lakini mwenye jiwe moja zuri asianze kwa kulichora. Ukucha ni kama 2.5 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs (1 hadi 10), waya wa shaba karibu 3, kisu 5.5, tupa ya chuma karibu 6.5, kwatzi 7. Vyote unavyo au jirani anavyo. Ongeza kipande cha kigae cheupe kigumu, upande usiong'arishwa: hematiti itachora wekundu wa kahawia, magnetiti nyeusi.

Kokoto_Kasarani
Mwalimu, asante sana. Nimejaribu sasa hivi kwa mizani ya jikoni ya dada yangu. Kavu 26, ndani ya maji 8. Inakuja 3.25. Na nimepitisha kisu pembeni, kimeacha mstari wa kijivu.

Mwalimu_Kinoo
Mizani hiyo inasoma gramu nzima. 26 yako inaweza kuwa 25.5 au 26.5, na 8 ikawa 7.5 au 8.5. Jibu la kweli liko kati ya 3.0 na 3.5. Kwatzi, zumaridi na chupa ya kawaida zimetoka. Tomalini ipo ndani. Floraiti, 3.18, ipo ndani. Tsavoraiti iko nje kidogo, na kiputo kimoja kilichonasa kwenye uzi kinatosha kuharibu hesabu. Lowesha kidole, sugua ule mstari. Umetoka?

Kokoto_Kasarani
Umetoka wote. Jiwe liko vilevile.

Mwalimu_Kinoo
Basi ni chuma cha kisu kilichobaki juu ya jiwe. Floraiti ina ugumu wa 4, ingechimbika. Hiyo imetoka.

Kijana_wa_Chiromo
Msisahau dayopsaidi, jiwe jingine la kijani, jibu lake ni karibu 3.3 na kisu huenda kisiichore. Jaribu tupa mahali pasipoonekana.

Fundi_Ngara
Asiguse na tupa! Jiwe zuri hilo. Kioo cha kukuza kwanza: tomalini huwa na mistari myembamba inayokimbia kwa urefu wa jiwe, na ukilitazama kichwani huwa na umbo la pembetatu lenye pande zilizovimba. Ganeti haina hayo.

Kijana_wa_Chiromo
Mafundo ya Taita huvunjika vipandevipande, Fundi. Asipoona mistari haimaanishi kwamba si tomalini. Pembeni panatosha kwa tupa.

Nyota_Ruaka
Na akiwa na tochi angalau angeona kama linawaka.

Mzee_Kajiado
Kokoto, lile jeusi zito la kando ya reli nalo tusilisahau. Sumaku inalivuta? Lina matundu ya viputo? Kama lina viputo ni mavi ya chuma (taka za kuyeyushia chuma), usije ukaambiwa na mtu ni kimondo.

Kokoto_Kasarani
Linavuta sumaku, viputo sioni. Nitanunua mizani na kioo mjini Jumamosi, muuzaji wa Ijumaa nimemwambia asubiri. Mwalimu, uzi wa kushonea unafaa au nitafute ule wa kuvulia samaki?