Tupeane uzoefu: unauzuiaje ulimi ukiwa na habari ya mtu?

Mwanzisha mada
Wapendwa, Yakobo 1:26 haina kona: anayejidhania ana dini na hauzuii ulimi wake kwa hatamu, dini yake haifai. Mahubiri mengi yanaishia "tuache umbea" bila kutuonyesha unaachwaje. Mlio kwenye jumuiya, kwaya na kamati, wekeni mbinu hapa. Habari za nani alimsema nani tuziache.

Katekista
Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inataja makosa matatu: kumhukumu mtu bila msingi wa kutosha, hata kimoyomoyo, kufichua kosa lake la kweli kwa wasiolijua bila sababu ya haki, na kumsingizia. La pili ndilo linalotuangusha, maana tunajitetea, "mbona ni kweli?" Kuwa kweli hakukupi ruhusa. Jiulize kwanza: huyu ninayemwambia ana uwezo wa kusaidia nini? Kama hana, limeze.

Mama wa maombi
Kanisani umbea unaingilia kwenye maombi. Sikilizeni: "Tumwombee mama fulani, mumewe amehama tangu Jumapili, na watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada." Jumuiya nzima imeshapata habari tatu na sala haijaanza! Sema, "Tuiombee familia moja iliyo katika wakati mgumu." Inatosha, Mungu anaifahamu. Jina litajwe mhusika akiridhia, tena aulizwe mwenyewe, siyo shoga yake. Na kiongozi asiulize "kwani imekuwaje?" Aseme, "tumepokea, tuombe."

Mzee wa kanisa
Mama amesema kweli. Mimi naongeza upande wa simu. Ukiwa na hasira usirekodi sauti kabisa. Maandishi ya WhatsApp unaweza kuyahariri ndani ya dakika 15, sauti huwezi. Na ukiifuta, linabaki tangazo kwamba ujumbe umefutwa, watu waanze kuulizana kulikuwa na nini. Andika jibu pembeni, siyo kwenye kisanduku cha kundi, kidole kisije kikateleza. Lala. Asubuhi lisome kwa sauti. Mara nyingi inabaki sentensi moja ya kutuma.

Aliyekukosea, fuata Mathayo 18:15-17: kwanza wewe na yeye peke yenu, asiposikia mmoja au wawili zaidi, ndipo kanisa. Tunaharibu tunapoanza na wale wawili eti tunaomba ushauri. Wakiitwa baadaye hawawi mashahidi tena, umeshawavutia upande wako.

Mwanzisha mada
Asante mzee. Na ukiletewa habari?

Mama wa maombi
Uliza kwa upole, "Umeshaongea naye mwenyewe? Twende wote." Wengi wanaishia hapo. Mithali 26:20 inasema moto hufa kwa kukosa kuni, na ule "enhe?" wako nao ni ukuni.

Mzee wa kanisa
Ila mtoto anapoumizwa, hiyo si siri ya jumuiya hata mhusika awe mtumishi. Hapo usianze kwa kumfuata mtuhumiwa, atamtisha mtoto. Tanzania na Kenya kuna namba 116 ya msaada kwa watoto, au nenda polisi. Tanzania ulizia dawati la jinsia na watoto. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, usiyapambe, na uwape wanaoshughulikia tu. Mithali 31:8 inatuagiza tufumbue kinywa kwa ajili ya aliye bubu.