Mabosi saba juu ya kasha moja, kisha anayekatwa mshahara ni karani

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaofanya kazi katika mabohari na yadi za makasha hapa Mombasa, kuanzia Shimanzi hadi Miritini, naomba mnisome kwa utulivu ingawa mimi mwenyewe sina utulivu wowote. Kampuni ninayoitumikia, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado ndiyo inayonilisha, imekata mishahara ya makarani wawili wa nyaraka kwa madai kwamba kasha la mteja lilikaa bandarini hadi siku zake za bure, zile ambazo mzigo hukaa bila kutozwa, zikapita. Makarani hao walikuwa wamekwisha kamilisha kazi yao mapema. Kilichokosekana ni saini, na saini hiyo ilikuwa ikipandishwa na kuteremshwa ngazi za ofisi.

Nyaraka za forodha zikiwa tayari, malipo hayawezi kutoka bila idhini. Karani haruhusiwi kumwendea mhasibu moja kwa moja, ingawa kinachowatenganisha ni ukuta wa mbao na kila mmoja anamsikia mwenzake akikohoa. Lazima ampelekee kiongozi wa timu, naye ampelekee msimamizi wa zamu, ambaye humpelekea mratibu wa shughuli, kisha ombi liende kwa meneja msaidizi, lifike kwa meneja mwenyewe, ambaye ni kaimu na hana mamlaka juu ya fedha, ndipo lipande kwa mkuu wa idara na hatimaye kwa mkurugenzi, ambaye makao yake ni Nairobi. Idhini ikishapatikana huteremka kwa ngazi zile zile. Katika watu hao saba sijaona hata mmoja anayeongeza chochote katika ombi isipokuwa maneno "tafadhali shughulikia". Wakati huo bandari inahesabu gharama za kuhifadhi mzigo kwa kila siku, mwenye meli naye anahesabu za kwake kwa kucheleweshewa kasha tupu, na mteja anapiga simu akimtukana karani, kwa kuwa nambari ya karani ndiyo pekee aliyopewa.

Hasira yangu iko hapa: uamuzi unapanda hadi juu kabisa, lakini lawama inashuka hadi chini kabisa, na katikati hakuna anayeguswa. Ikiwa mratibu alikaa na ombi siku nzima, mbona hakukatwa yeye? Ikiwa meneja hawezi kuidhinisha, mbona ombi linapita kwake? Niliuliza kwa heshima katika kikao, nikajibiwa kwamba huo ndio "muundo wa kampuni", kana kwamba muundo huo umeshuka kutoka mbinguni.

Muundo huu hautetewi hata na wale waliozitengeneza nadharia za uongozi. Mfaransa Henri Fayol, mhandisi aliyeongoza kampuni ya migodi ya makaa ya mawe kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1916 kanuni 14 za uongozi, na alikuwa mtu wa nidhamu aliyetaka kila mfanyakazi awe na bosi mmoja na kila amri ifuate ngazi. Hata hivyo, Fayol huyo huyo aliona kwamba jambo la haraka likilazimishwa kupanda hadi kileleni na kuteremka upande wa pili litaharibika njiani, akapendekeza daraja: wafanyakazi wawili wa ngazi moja katika idara tofauti wazungumze na kumaliza jambo wenyewe kwa ruhusa ya wakubwa wao, kisha wawaarifu. Karani na mhasibu wetu wangehitaji daraja la urefu wa ukuta wa mbao. Imepita zaidi ya karne moja, na sisi bado tunaambiwa tufuate utaratibu.

Wazee waliofanya kazi Kilindini wanawajua maserahangi, wale viongozi wa magenge ya vibarua wa bandari. Sitawasifu kupita kiasi, kwa maana mtu kuchagua peke yake nani apate kibarua na nani arudi nyumbani kulizaa upendeleo na dhuluma. Lakini serahangi alisimama na genge lake penye mzigo, na kazi ikiharibika alijulikana ni nani. Leo ukiuliza ni nani aliyekaa na ombi, unaoneshwa mnyororo wa barua pepe.

Na vyeo hivi vinavyoongezeka kila mwaka havitokani na ukubwa wa kazi. Mtu akiomba nyongeza ya mshahara, anapewa cheo badala ya fedha: jana alikuwa karani mkuu, leo ni "mratibu", na kwa kuwa mratibu lazima aonekane anaratibu, fomu moja zaidi inapitishwa mezani kwake. (Kuhusu kukaimu nafasi mwaka baada ya mwaka bila kuthibitishwa, hilo linastahili uzi wake.) Kisha mapato yakipungua na menejimenti ikatangaza kupunguza watu, wanaoondoka ni madereva wa foklifti na makarani wa lango, huku ngazi zote za juu zikibaki kama zilivyokuwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haijanyamaza. Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa makusudi ya mfanyakazi. Gharama za kasha lililosubiri saini ya bosi zinaingiaje hapo? Ni mali ipi iliyopotea, na makusudi ni ya nani? Kuhusu kupunguza watu, kifungu cha 40 kinataka taarifa ya mwezi mmoja, ambayo nakala yake humfikia pia afisa wa kazi, kinataka uteuzi uzingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mfanyakazi, na kinataka malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Makarani wetu wanakwenda kwa afisa wa kazi wakiwa na hati zao za mshahara pamoja na barua pepe zote, zenye tarehe na saa ambazo kila bosi alipokea ombi na kulipitisha. Ikiwa wewe pia umekatwa fedha kwa kosa la namna hii katika kampuni yoyote ya mizigo hapa Mombasa, tafadhali eleza hapa chini makato hayo yaliandikwa kwa jina gani katika hati yako. Kwetu yameandikwa "mengineyo".