Wenyeji wa Visiwa vya Aran waliishije juu ya mwamba?

Swali: Wanajukwaa, naomba kuelezwa jinsi wakazi wa Visiwa vya Aran, magharibi mwa Ayalandi, ambako Kiayalandi bado ni lugha ya nyumbani, walivyolima kwenye ardhi iliyo karibu chokaa tupu.

Jibu la 1: Ndugu, udongo waliutengeneza wenyewe. Waliziba nyufa za mwamba kwa mawe, wakatandaza mchanga na mwani uliobebwa kutoka ufukweni, safu juu ya safu, kisha wakapanda viazi, huku kuta za mawe zisizo na saruji zikiukinga udongo huo na upepo.

Jibu la 2: Niongeze kuhusu nishati, kwa kuwa miti huko ni adimu: udongo wa kinamasi uliokaushwa, ambao huwaka kama kuni, uliletwa kwa mashua kutoka Connemara, eneo la Ayalandi bara lililo ng'ambo ya visiwa hivyo. Wavuvi nao walitumia currach, chombo cha fito kilichovikwa turubai lililopakwa lami, chepesi kiasi kwamba wanaume watatu hukibeba kifudifudi vichwani. Kwa mbali utadhani mende mkubwa anatembea.

Mwuliza swali: Nashukuru. Na lugha yenyewe inasikika redioni?

Jibu la 2: Naam, kupitia Raidió na Gaeltachta, iliyoanza mwaka 1972 huko Connemara.