Baridi yabisi: maumivu yamezidi baada ya msiba, dozi ipandishwe?

Mtunzaji
Wakuu, salaam. Mgonjwa ni mama wa miaka 52 mwenye baridi yabisi ya viungo (RA). Anatumia metotreksati (dawa ya kutuliza RA) 15 mg mara moja kwa wiki, na vitamini ya asidi ya foliki 5 mg siku nyingine. Alikuwa ametulia kabisa. Tangu afiwe na mdogo wake, vidole na mabega vinamsumbua na usiku halali. ESR (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini) haijabadilika. Je, msongo wa mawazo unaweza kuamsha ugonjwa wenyewe? Dozi ipandishwe?

Tabibu wa Viungo
Poleni kwa msiba. Unaweza kuuamsha, na unaweza pia kuzidisha maumivu bila ugonjwa kuamka. Tiba zake ni tofauti, kwa hiyo kabla ya dozi tazameni mikono. Bonyeza kila kifundo cha kidole kwa dole gumba mpaka ukucha wako uwe mweupe. Kiungo chenye uvimbe hubonyea kama sponji, mara nyingi kina joto, na akikunja ngumi mabonde kati ya vifundo hayaonekani. Muulize pia asubuhi viungo vinachukua muda gani kulegea. Vikikaza saa nzima au zaidi, shuku ugonjwa, hata kama ESR ni nzuri.

Maumivu yakiwa yametapakaa mpaka kwenye misuli na hakuna kiungo kilichovimba, mara nyingi ni neva zimekuwa nyepesi kuhisi maumivu. Hapo kupandisha metotreksati ni kuliongezea ini mzigo bure. Hata alama za DAS28 (kipimo cha ukali wa RA kwa kukagua viungo 28) hudanganya: ndani yake mna viungo vinavyouma na jinsi mgonjwa mwenyewe anavyojiona, kwa hiyo huzuni peke yake inaweza kuzipandisha. Angalieni idadi ya viungo vilivyovimba.

Kuhusu sababu: mtu akiwa na msongo, tezi zilizo juu ya figo hutoa kortisoli, ambayo kwa kawaida hupoza uvimbe. Kwa wengi wenye RA, inayotoka ni kidogo kwa uvimbe uliopo. Kukosa usingizi nako huchochea uvimbe na kumfanya mtu asistahimili maumivu.

Mfamasia
Mimi ningeanza kwa kuhesabu vidonge. Wakati wa matanga dawa husahaulika. Kama ni vya 2.5 mg, 15 mg ni vidonge 6 kwa wiki, 24 kwa wiki nne. Vikibaki vingi, ameruka. Vikiisha mapema ni hatari zaidi: metotreksati ikimezwa kila siku inaweza kuua. Vidonda mdomoni, homa au kutokwa damu, hospitali siku hiyohiyo.

Ulizeni pia kama kuna aliyempa dawa za maumivu na uvimbe kama prednisoloni au diklofenaki ya dukani. Zikitumika pamoja huleta vidonda vya tumbo. Prednisoloni ikimezwa jioni hufukuza usingizi, basi iwe asubuhi. Na kama ameitumia zaidi ya wiki tatu, asiiache ghafla.

Fizio
Msimwambie ajikaze. Muulizeni mambo mawili kuhusu wiki mbili zilizopita: ni mara ngapi amekosa hamu ya mambo, na mara ngapi amejisikia mnyonge. Kila jibu lina alama 0 (hata mara moja) hadi 3 (karibu kila siku). Jumla ikifika 3 apelekwe apimwe sonona. Akitaja kutaka kufa, siku hiyohiyo.

Viungo visikae bure: atembee dakika 10 asubuhi na 10 jioni, mikono ailoweke kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kazi. Na matangani apewe kiti. Kukaa mkekani na kuinuka kwa kujisukuma na viganja kunaumiza vifundo vilevile.

Mtunzaji
Asanteni sana. Vimebaki vidonge 12 ambavyo vilipaswa kuwa vimeisha. Vifundo viwili vya mkono wa kulia vinabonyea.

Tabibu wa Viungo
Basi ameruka wiki mbili, na uvimbe upo. Asifidie alivyoruka: aendelee na vidonge 6 mara moja kwa wiki, siku yake ileile, na wewe uwe karibu akimeza. Mpelekeni kliniki wiki hii apimwe damu na ini. Suala la kupandisha dozi lisubiri mpaka amemeza bila kuruka kwa wiki kadhaa na viungo vimehesabiwa upya.