Ukoo wa Webuye 🌽: XT ama CX-5 dizeli?

Simiyu Nakuru: Wakubwa shikamooni, wengine niaje. Nimepata gari mbili hapa Nakuru bei karibu sawa, Subaru Forester XT ya petroli na Mazda CX-5 dizeli 2.2, zote za 2015 na zote ziko na turbo. Gani inachomoka? Hii Premio imenichosha, tukienda ushago Webuye ikifika mlima wa Timboroa inakohoa mpaka trela linaniwashia taa nitoke njiani 😭

Wafula Kisumu: XT. Swali lingine?

Anko Barasa: Wafula punguza haraka. XT toki yake, yaani nguvu ya injini ya kusokota, ni Nm 350, hiyo dizeli ni 420. Mlima unapandwa na toki, si kelele. Mimi nimeendesha malori nikiwa na nywele kichwani, mniulize.

Wafula Kisumu: Anko na heshima zote, XT ya Japani ni farasi 280, CX-5 ni 175. Hata ile XT ya Ulaya waliyoipunguza mpaka 240 inatoka 0 kufika 100 kwa sekunde 7.5, dizeli iko kwa 9 na kitu. Hapo ushaachwa ukiangalia namba pleti

Senje Rose: Hiyo 0 mpaka 100 mnaifanyia wapi? Kondele hapo Kisumu na tuktuk zote hizo?

Wafula Kisumu: 😂😂 senje aki

Senje Rose: Nauliza tu. Na turbo mimi ninayoijua ni ile mji baada ya Eldoret ambapo huwa mnakataa kusimama ninunue mahindi

Nekesa: Senje 😂. Sasa ngojeni, Anko ako na pointi lakini ameacha nusu. Toki ya injini haifiki kwa gurudumu vile ilivyo, inapitia gia kwanza na gia inaizidisha. Dizeli haizunguki sana, ikipita RPM 5000 (mizunguko ya injini kwa dakika) imemaliza, kwa hivyo inawekewa gia ndefu na kuzidishwa kunakuwa kidogo. Petroli inazunguka zaidi inapewa gia fupi. Ndio maana huwezi linganisha 420 na 350 moja kwa moja kama magunia. Piga hesabu ya farasi kwa kila RPM, kwa 2000 dizeli iko karibu 120 na XT karibu 100, hapo Anko anashinda. Kwa 4000 XT iko karibu 200, na dizeli hata uibembeleze vipi haipiti 175. Na XT ni CVT, yaani gia otomatiki isiyo na hatua, ukikanyaga yote haingoji kubadilisha gia, inaruka yenyewe pale juu inakaa hapo hapo mpaka umalize kuovateki

Anko Barasa: Inaruka ikilia. Mimi gari ya kulia sitaki. Dizeli unagusa tu kidogo inaenda, watoto nyuma wanalala.

Nekesa: Hiyo nakubali, kwa kuendesha pole pole dizeli ni tamu kuliko. Toki yote 420 iko pale 2000, huhitaji kuisumbua

Simiyu Nakuru: Sasa hapo Timboroa gani haitaniaibisha

Nekesa: Zote mbili ziko na turbo kwa hivyo zote zitakuokoa. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda kwa sababu hewa ni nyembamba. Nakuru uko mita 1850 hivi juu ya bahari, Timboroa ni zaidi ya 2700. Premio yako ya cc 1500 inatoka kiwandani na farasi kama 110, ikifika Timboroa imebaki na themanini na kitu, halafu umeweka watu watano, mifuko, na kuku wa kukhu (nyanya yetu). Hata ingekuwa mimi ningekohoa. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu ndani kwa hivyo haisikii sana hiyo mwinuko

Wafula Kisumu: Ndio maana hapa Kisumu CX-5 ya petroli cc 2000 isiyo na turbo ya jirani iko sawa kabisa na akikuja Nakuru anasema fundi amemharibia gari 🤣 huku tuko mita 1130 tu

Mama Brayo: Na mafuta? Mnaongea farasi farasi nani analisha hao farasi

Wafula Kisumu: XT inakunywa, sitadanganya. Na inataka petroli ya okteni ya juu si ya kuokotaokota

Anko Barasa: 😏

Nekesa: Anko usicheke bado. Simiyu we huwa unaendesha wapi siku za kawaida?

Simiyu Nakuru: Section 58 mpaka tauni, nachukua watoto, narudi. Ushago ni Krismasi, Pasaka na matanga

Nekesa: Basi dizeli hapana. Hiyo iko na kichujio cha masizi kwa egzosi, kinataka safari ndefu injini ipate moto ndio kichome huo uchafu. Ukizungukazunguka tauni kila siku kitajaa, na bei ya kukibadilisha hutaiambia mke wako. Kama ungekuwa unaenda Kisumu na kurudi kila wiki ningekuambia chukua dizeli hata usiangalie nyuma, ungecheka kwa petroli stesheni

Anko Barasa: Si anaweza kuitoa Jumapili mpaka Naivasha aichome.

Mama Brayo: Jumapili tunaenda kanisa.

Senje Rose: Mimi nauliza kitu moja. Tumeongea kupanda. Kushuka je? Mteremko wa Salgaa hapo malori yameua watu miaka mingi juu ya breki, na nyinyi mnataka sekunde 7

Nekesa: Senje umesema. Simiyu, XT iko na padeli za gia kwa usukani, ukishuka Sachangwan vuta ya kushoto RPM ipande, injini ishike gari, breki zisipate moto. Kabla ulipe angalia diski na tairi, gari ya farasi 280 na tairi za bei rahisi ni jeneza. Na sheria ya mwendo bado inakuhusu hata ukiwa na roketi

Simiyu Nakuru: Naona naenda XT. Jumamosi naijaribu

Anko Barasa: Usiijaribu peke yako. Jaza watu wanne, panda nayo kutoka Salgaa mpaka Mau Summit, washa AC. Mwenye gari akikataa hiyo safari mrudishie ufunguo.

Wafula Kisumu: Natoka huku Ijumaa jioni, mimi ni mtu wa kwanza

Senje Rose: Mimi wa pili. Na nakaa mbele.