Kijiji chini ya maji kule Motherwell: ni kweli ao mutoto anatudanganya?

MamaYaKatuba:

Hodi humu ndani ba ndugu. Niko na swali, musinicheke. Mudogo wangu mwanamuke eko Scotland tangu miaka mingi, mu muji banaitaka Motherwell, pembeni ya Glasgow. Batoto yake mbili bamekuya vakansi hapa Katuba, mu Lubumbashi, mukubwa eko na miaka 11. Jana mangaribi tuko tunakula bukari na sombe, umeme ukakwenda kama kawaida, tukatoka kuikala inje mu lupangu, nkambo, muzee wetu, akaanza kubauliza habari ya kwabo. Sasa nkambo alitumikaka ku uzini, ni kusema kiwanda, miaka 31, mutu yote anayetoka mbali anamuulizaka kwanza swali moja tu: "Kwenu kuko shemine, ile bomba ya moshi ya uzini?" Mutoto akajibu kulikuwaka, lakini baliangusha zamani, mbele ye azaliwe. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, eti chini ya ziwa yabo kuko kijiji, kulikuwaka manyumba na masomo na bantu baliikalaka humo kabisa.

Nkambo akanyamaza kidogo, kisha akasema hapo lazima kuko mamba muntu, ile mwanamuke nusu samaki, musiogelee tena. Batoto bakacheka mpaka mukubwa akaangusha sahani.

Mi nilizani ni hadisi ya mu telefone. Nikapigia mudogo wangu, ye anasema "nasikiaka vile, sijue, niko naingia ku kazi". Miaka yote ile eko kule na hajue! Na nkambo tangu asubuyi hanipe amani, anataka kujua kijiji kilizama namna gani, bantu balikwenda wapi, na ile shemine nani aliangusha na juu ya nini. Kuko mutu humu alikomalia kule? Musinitumie link, macho ya nkambo haisome tena, mi njo nitamusomea, kwa hiyo muandike sawa vile munasema.

kisima2007:

Jambo sana mama, na nkambo munisalimie. Mutoto hasemi uongo, anasema nusu.

Mimi nilifika Motherwell 2007 nikiwa na miaka 8, tulikuwa familia chache za Wakongo tuliotolewa kambi za Zambia, kwetu ni upande wa Moba lakini mimi Moba naijua kwa midomo ya wazazi tu. Nikimaliza shule nilirudi huku, sasa niko Lubumbashi mwaka wa tatu. Kwa hiyo utoto wangu wote uko kule na nikisikia mtu anataja lile ziwa nasikia baridi mikononi.

Ziwa linaitwa Strathclyde Loch, liko kati ya Motherwell na mji mwingine Hamilton. Siyo ziwa la Mungu, ni watu walilitengeneza miaka ya 1970 wakati wanajenga bustani kubwa ya kupumzikia. Na kijiji kilikuwepo kweli, jina lake Bothwellhaugh, lakini wenyewe walikiita Pailis, maana mgodi wao uliitwa Hamilton Palace na hilo neno palace kwenye midomo ya watu wa kule likageuka pailis, kama vile sisi tunavyogeuza Kifaransa. Kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe, kila nyumba ya mgodi, kila baba wa mgodi. Mgodi ukafungwa 1959. Nyumba zikavunjwa 1965 kwenda 1966. Maji yalikuja nyuma, kwa hiyo mwambie nkambo hakuna mtu aliyezama, walikuwa wameshahama miaka kadhaa.

Lakini sisi watoto nani angetuambia hivyo. Darasani kwangu kulikuwa na kijana mmoja alisema ukirusha jiwe vizuri linagonga paa ya kanisa na unasikia. Nikaenda, jumamosi nzima, mimi na mdogo wangu, tunarusha tunategesha masikio, tunarusha tunategesha masikio, mdogo wangu anaapa amesikia. Kulikuwa na mzee anavua samaki karibu, ametuangalia muda mrefu, mwisho akasema polepole (kiingereza chao wakati ule nilikuwa nashika neno moja kati ya matatu): "Mtoto, unatupa mawe jikoni kwa mama yangu."

Nilitaka kukimbia. Yeye akacheka akatuita, akatupa chai kwenye kifuniko cha termosi. Akasema hapo chini hakuna paa wala nini, kila kitu kilibomolewa, kimebaki udongo na matofali labda. Kitu alichokumbuka yeye ni siku ya kuhama. Mama yake alifagia nyumba yote, akapangusa na madirisha, akafunga mlango na ufunguo, wakati wanajua kabisa watu wa kubomoa wanakuja. Alimwuliza kwa nini, mama akamwambia hawezi kuacha watu waingie kwenye nyumba chafu.

Tangu siku ile sikurusha jiwe tena.

Halafu kuna kitu kilinikasirisha nikiwa mkubwa. Pale pale kulikuwa na magofu ya bafu ya askari wa Roma, ya karibu miaka 1900 iliyopita. Kabla ya maji kuingia wakayachimbua vizuri wakayahamishia sehemu ya juu, mpaka leo unaenda unayaona. Ya Waroma waliyahamisha. Jiko la yule mama je?

Shemine nakuja kuandika jioni, niko kazini na bosi anapita pita.

Lushois_wa_Kweli:

Mamba muntu ya Scotland nasikia inavaaka sketi ya bwanaume 😂😂

Tata_Panda:

We kijana wa sketi, heshimu bakubwa, mama anasomea muzee hapa.

Mi niko Likasi. Mama, mwambie nkambo asishangae, na shiye tuko na yetu. Ile ziwa ya Tshangalele kule Mwadingusha hata ye siyo ya Mungu, balifunga muto Lufira na barrage, 1930, balitaka courant, ni kusema umeme, ya kuyeyusha mukuba, ile shaba. Mi nilikulaka samaki ya pale tangu mutoto na sikujiulizaka siku moja kama chini kulikuwa mashamba ya nani. Ni leo tu nikisoma hii ya Pailis njo najiuliza, na niko na miaka 64, haya.

Sasa swali yangu kwa kisima2007 ao mutu mwingine anayejua. Mugodi ukifungwa, nyumba ni ya mugodi, mutu anaikala kwa haki gani? Juu hapa shiye tulijuaka: nyumba ya kambi ya kampuni inafuataka kazi. Kazi ikiisha, godoro inje. Kule kwa bazungu wenyewe kwa wenyewe ilikuwa vile vile, ao bao balikuwa na pole kidogo?

Mwalimu_Kenya:

Tata Panda umegusa penyewe. Nafundisha historia hapa Lubumbashi, commune ya Kenya (siyo nchi), na hii nilikuwa naitafuta muda mrefu, basi mnivumilie urefu.

Kutoka kwenye lile ziwa ukivuka upande wa pili huendi mbali unafika Blantyre. Sisi tuliosali kanisa la Garenganze jina hilo tulilimeza tangu shule ya jumapili: Livingstone alizaliwa pale 1813, alianza kazi kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, anaweka kitabu juu ya mashine anasoma sentensi moja moja akipita. Familia yote chumba kimoja, kwenye jengo la familia 24. Na Arnot, mmisionari aliyetuletea Garenganze, aliyefika Bunkeya kwa mfalme M'siri 1886, aliishi hapo hapo Hamilton akiwa mtoto, na familia yao ilijuana na familia ya Livingstone. Kwa hiyo ukitaka kujua hii Garenganze yetu ilitoka udongo gani, ni huo huo wa makaa ya mawe. Monitrice wetu, mwalimu wa shule ya jumapili, alikuwa anatuambia habari ya kitabu juu ya mashine kila tukichelewa.

Hakutuambia habari ya 1877, na sidhani yeye mwenyewe alikuwa anaijua. Tarehe 22 mwezi wa 10 mwaka huo gesi ililipuka ndani ya migodi ya kampuni ya William Dixon pale pale Blantyre. Watu 207 walikufa, mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 11, sawa na huyu mtoto aliye lupangoni kwa mama. Ndiyo ajali mbaya kuliko zote za migodi katika historia ya Scotland. Wajane walibaki 92.

Sasa jibu la Tata. Nyumba zilikuwa za kampuni. Miezi michache tu nyuma yake kampuni ikawashitaki wajane 34 ambao walikuwa bado hawajatoka, na mwezi wa 5 mwaka 1878 wakatolewa. Bwana yuko chini ya ardhi ya kampuni, mke anatolewa juu ya ardhi ya kampuni. Hiyo pole unayouliza, Tata, mimi sikuiona. Wanafunzi wangu nikiwasomea hii kuna mmoja kila mwaka anainua mkono kuuliza kama ni Kolwezi, mji wetu wa migodi.

Tata_Panda:

Kumbe njo vile. Na balikuwa rangi moja, luga moja, kanisa moja. Asanti mwalimu.

kisima2007:

Nimerudi. Mwalimu umenifundisha, mimi nimesoma miaka yote kule na tulipelekwa kwenye nyumba ya Livingstone na basi la shule mara mbili, tulionyeshwa chumba, nakumbuka kitanda kilichofichwa ukutani nikasema hiki hata Zambia tulikuwa na nafasi zaidi, mwalimu akanikata jicho.

Haya nkambo, shemine. Motherwell ilikuwa mji wa chuma, hata timu yao ya mpira inaitwa watu wa chuma mpaka kesho. Uzini mkubwa uliitwa Ravenscraig, ulianza kujengwa miaka ya 1950, ukafungwa 1992. Ilikuwa na minara mitatu minene ya kupoozea maji na tangi kubwa la gesi la rangi ya bluu, watu walikuwa wanaona wakiwa mbali wanajua wamefika nyumbani. Waliiangusha kwa baruti mwezi wa 7 mwaka 1996. Nani aliangusha: wenye mali. Kwa nini: walisema chuma hakiuziki tena kwa faida, wafanyakazi walipigania miaka mingi kisha wakachoka. Jirani yetu ghorofa ya chini alikuwa fundi pale, alikuwa na picha ya minara ukutani pale ambapo mama yangu ameweka Yesu.

Mimi nilikuta uwanja mtupu tu. Mkubwa mno, nyasi na zege, upepo unapiga. Tulipita kwenye waya uliokatika kwenda kutafuta vyuma. Siku moja baba akatufuata kutugombeza, alipofika ndani akasahau kutugombeza, akasimama mikono nyuma akazunguka macho pande zote, akasema "hapa walikuwa wanakula watu wengi". Baadaye wakajenga chuo na jumba la michezo, nilichezea mpira humo ndani kwenye joto, lakini sehemu kubwa ilibaki vile vile.

Na waliohama Pailis, kwa alivyoniambia yule mzee, hawakwenda mbali, walipewa nyumba za serikali ya mji katika miji ya jirani, choo ndani, maji ya moto. Alisema mama yake alifurahia choo na akalia kwa majirani. Vyote viwili.

Ah na jina. Motherwell maana yake kisima cha mama, ni kisima cha Bikira Maria cha zamani sana, kimebaki kibao tu kwenye barabara ya Ladywell. Ndiyo maana najiita hivi humu, watu wanafikiri nauza maji.

MamaYaKatuba:

Aksanti mingi bote, hata we wa sketi. Nimemusomea yote, mara mbili, batoto balikuwa pembeni banasikia na bao, mukubwa anajifanya eti alijua.

Ya bajane nkambo alisema "mm" tu. Ya shemine alitaka nirudilie ile ya "hapa walikuwa wanakula watu wengi", akauliza huyo baba eko muzima? Kisha ya yule mama aliyefagia. Hapo nkambo alicheka, akasema mama yake ye alifanyaka vile vile siku balitoka mu nyumba ya kambi, alifagia lupangu mpaka ku barabara, akamwagia maji vumbi isirudie, na gari ya kubeba bintu inapiga honi inje. Alikuwa hajatuambia hii siku hata moja. Mi nina miaka 47.

Amekataza batoto kurusha mawe mu ile maji. Na eko na swali moja ya mwisho kwa kisima2007: yule muzee alikuwa anavua, samaki ya pale ni ya namna gani, na banakulaka na nini?

kisima2007:

Mama, hawali. Anavua, anampima, anampiga picha, anamrudisha ndani ya maji.

MamaYaKatuba:

Nimemuambia. Amesimama ameingia mu nyumba.