Naombeni ushauri, pichi ya spini napangaje timu ya fantasi?

Wasee wa kriketi habari zenu, niko Nairobi West na hii fantasi ya IPL (ligi ya kriketi ya India, unapanga timu ya wachezaji wa kweli na kupata pointi wakicheza vizuri) nimeianza msimu huu tu, sasa kinachonisumbua ni pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia. Najua uwanja wa Chepauk kule Chennai mpira hushika na kugeuka ukidunda, kwa hivyo juzi nikajaza spina wanne (warushaji wa mpira wa kuzungusha), hadi kapteni nikaweka spina maana kapteni hupata pointi mara mbili, halafu usiku umande ukaingia, mpira ukawa unateleza kama sabuni, namwona spina wangu anaufuta na taulo kila saa na wiketi, yaani kumtoa mpigaji, hapati hata moja. Iliniuma sana aki. Sasa nyinyi mnangoja tosi (ile sarafu ya kuamua nani aanze kupiga) ndio mpange? Timu ikirusha ya pili mnapunguza spina ama mnaweka alraunda, yule anayerusha na kupiga pia? Uwanja wa Chinnaswamy wa Bengaluru angalau naelewa, baundari (mipaka ya uwanja) ziko karibu, najaza wapigaji basi. Lakini uwanja wa Wankhede wa Mumbai unanichanganya, ova za kwanza (ova ni mipira sita) mpira unapinda hewani, baadaye ni sita tu zinaruka, yaani mipigo ya kuvuka mpaka bila kudunda, hapo kapteni ni opena (mpigaji wa kuanza) ama bola (mrushaji) wa kasi? Mwenye kujua anieleze polepole tafadhali, mechi ni kesho saa kumi na moja jioni.